Nani Kabaki Ndani

Jumanne, 13 Januari

Shule imefunguliwa, na mvua nayo imefungua. Paa la chekechea yetu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu, si juu ya meza ya Madam Nesta mwenye shule. Nimeweka ndoo, maisha yanaendelea. Watoto wapya wamelia asubuhi nzima, halafu wakaletewa uji wakasahau walichokuwa wanalilia.

Mmoja tu hakulia. Anaitwa Sabra, ana miaka minne, binti wa Zahoro muuza madramu, yale mapipa makubwa, mwenye ile yadi ya ng'ambo ya barabara. Alichutama kando ya ndoo yangu akawa anasikiliza matone. Nikamuuliza, "Mama hajambo?" Akasema, "Yuko ndani." Nikajua yuko nyumbani, labda hajisikii vizuri. Nikamwambia amsalimie.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua. Danford kamng'ata mwenzake sikio. Mvua tena.

Jumatatu, 19 Januari

Madam Nesta amerudi kutoka Mbeya na vitabu vya picha, vya mabinti wa wafalme wenye nywele za njano. Anataka kila siku watoto wapate hadithi, wazazi wanapenda. Nimewasomea. Danford, ambaye mama yake anauza vitenge pale mpakani, akauliza kama yule binti wa mfalme ni dereva wa lori, maana wazungu aliowahi kuwaona yeye ni madereva tu. Wengine wakalala.

Mchana nimempigia Bibi, kijijini Iyula, anikumbushe hadithi alizokuwa akitusimulia jikoni, kahawa ikikaangwa. Akaguna. "Fides, hadithi ya mchana haina mlango. Ukiifungua haifungiki." Nikacheka. Nikamwambia chekechea hakuna usiku, watoto wanaondoka saa nane. "Haya," akasema, "basi usianze usichoweza kumaliza. Na ukimaliza, uliza. Usisahau kuuliza."

Anachosema ni hiki. Bibi alikuwa haanzi hadithi bila kuuliza, "Wote ndani?" nasi tunaitikia, "Wote ndani!" Akimaliza anauliza, "Nani kabaki ndani?" Tunajibu, "Hakuna!" Hapo ndipo tunaruhusiwa kuinuka. Mimi siku zote niliona ni namna ya kuhesabu wajukuu.

Jumatano, 21 Januari

Loo, nimewapata! Nimewapa sungura na fisi, sauti zote mbili, na mkia juu. "Wote ndani?" "Wote ndaniii!" Bati lilitikisika. Mwishoni nikauliza, "Nani kabaki ndani?" wakajibu, "Hakunaaa!" Sabra peke yake hakujibu. Alikuwa ameinua kichwa, ananitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu aje.

Ijumaa, 23 Januari

Sabra amezungumza. Alinivuta kanga akauliza, "Ticha, mtu akiwa ndani, anatokaje?" Nikamwambia anafungua mlango anatoka. Akafikiri. "Na kama umefungwa?" Nikasema anaita mama yake. Jibu hilo halikumpendeza. Akarudi kwenye ndoo.

Jumatano, 28 Januari

Leo nimefanya kitu na sijui kama ni cha kucheka.

Mvua ilikuwa imetanda tangu alfajiri, darasani giza kama saa moja jioni. Nikajidanganya kwamba huu si mchana. Nikaanza ile ya zimwi na binti, ile ya kutisha kuliko zote za Bibi. Binti anachelewa mtoni, zimwi anamkamata, anamtia kwenye ngoma, anazunguka naye vijiji vyote. Kila kijiji zimwi anapiga ngoma, binti anaimba mle ndani, watu wanashangaa ngoma inavyoimba, wanampa zimwi chakula.

Nilipofika kwenye ngoma, Danford akanyoosha mkono. "Ticha, anaingiaje kwenye ngoma? Ngoma si inapigwa kwenye spika?" Kumbe hawa watoto wa Tunduma ngoma wanayoijua ni muziki wa simu. Wengine wakaanza kucheza. Nikaona hadithi inanikatikia. Ulimi hauna mfupa, nikasema, "Basi, dramu. Alimtia kwenye dramu. Kama yale ya bluu ya baba yake Sabra."

Wote waligeuka, wakamtazama Sabra. Sabra alitazama nje, ng'ambo ya barabara, ambako madramu yamesimama kwa safu kwenye matope, na mvua inayapiga yote kwa pamoja.

Wimbo wa binti niliukumbuka mistari mitatu:

Mama nimo, mama nimo,
Kuta kiza, juu kiza,
Ukipita sikiliza…

Wa nne umenitoka kabisa. Nikauguna tu, mm-mm-mm-mm. Watoto wakaimba hivyo hivyo, wakifika wa nne wanaguna. Palikuwa na baridi fulani katika mguno ule, watoto wadogo wote wameketi gizani wanaguna kwa pamoja. Nywele zilinisimama.

Halafu mvua ikamwagika. Wanaoishi chini ya bati wanajua: ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Nilisimulia kwa midomo, hakuna aliyesikia, na wazazi wakaanza kuingia na miavuli. Sikumaliza. Sikuuliza.

Alhamisi, 29 Januari

Kabla sijavua koti, Erica kanidaka mlangoni: "Ticha, bado yumo?"

"Nani?"

"Yule dada. Kwenye dramu."

Nikamwambia nitamtoa saa ya hadithi. Saa ya hadithi haikufika. Madam Nesta kaniita ofisini. Watoto jana wamegoma kulala na taa imezimwa. Mama mmoja, mke wa mchungaji, kapiga simu. Baba mmoja kaja mwenyewe kusema hakumleta mwanawe kujifunza mashetani. "Mwalimu Fides, hadithi ya zimwi isitajwe tena humu. Isitajwe."

"Nimalizie tu, Madam. Binti anaokolewa. Wakijua ameokolewa watalala."

"Isitajwe."

Haya. Mwenye bati ndiye mwenye neno.

Jumatatu, 2 Februari

"Ticha, bado yumo?" Leo ni Danford. Nikasema tunaimba herufi.

Jumanne, 3 Februari

"Bado yumo?" Herufi.

Ijumaa, 6 Februari

Wanabandika masikio kwenye kila kitu chenye tumbo: ndoo, sufuria la uji, tangi la maji. Ukiwauliza wanafanya nini, wanaweka kidole mdomoni: "Shhh, Ticha." Sabra ndiye kiongozi. Yeye husikiliza muda mrefu, halafu anatikisa kichwa, wote wanahamia kingine. Jana Danford alitoka yadini kwa Zahoro na kuwaambia wenzake, "Mulishani, nimesikiliza yote ya mbele." Kibemba chake cha sokoni kilinichekesha, maana anawasalimia kama wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Lakini hakuwa anacheka.

Jumatano, 11 Februari

Bibi kapiga. "Umemaliza?"

"Nimekatazwa, Bibi."

Nikasikia kuku wake. "Basi yumo," akasema.

Nikamwomba mstari wa nne angalau, niwe nao mwenyewe. Akasema hawezi kuutoa kwenye simu mchana kweupe. "Utaukumbuka utakapousikia." Bibi yangu huyu, angekuwa wakala wa pesa za simu angewatesa watu.

Jumanne, 17 Februari

Naandika hili halafu naliacha. Saa ya uji watoto wote walikuwa barazani. Sabra alikuwa amenishika mkono. Darasani hapakuwa na mtu. Nikasikia kule ndani sauti inaimba polepole, sikuyapata maneno, ila tuni niliijua. Nikaingia. Ndoo, matone, meza. Nikajiambia ni matone. Nilipotoka Sabra ananitazama usoni. "Umesikia?" akauliza.

Nikasema sijasikia kitu. Nimemdanganya mtoto, na akajua.

Alhamisi, 19 Februari

Wenzetu Waislamu wamefunga. Zahoro alimleta mwanawe, midomo imekauka, macho mekundu. Ni mtu wa Tanga, mpole, huongea kama anaomba radhi. Nikamwambia, "Baba Sabra, huyu mtoto ana mawazo. Mama yake aje siku moja tuongee." Akatazama matope. "Hayupo, mwalimu." Nikasema mtoto aliniambia yuko ndani. Akanitumbulia macho kama nimemtukana, akavuka barabara bila kuaga. Sikuelewa, na nikakasirika, maana mimi nimekosa nini?

Jumatatu, 23 Februari

Mvua.

Alhamisi, 26 Februari

"Bado yumo?" Nimechoka. Nimewajibu kwa ukali, "Yumo, ndiyo, yumo! Kaeni chini!" Wakakaa. Sabra alitabasamu. Mtoto huyu sijawahi kumwona akitabasamu, na nilipaswa kujiuliza kwa nini.

Alhamisi, 5 Machi

Nitaandika yote kwa mpango, nisije nikaanza kuamini yasiyokuwepo.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kupofusha. Mimi nilikuwa ndani namwaga ndoo, Zahoro akamwacha Sabra getini akakimbia kurudi kwenye kazi yake. Sikumwona akiingia. Nikadhani kwa mvua ile kabaki nyumbani, na wengi walikuwa hawajaja. Baba anajua yuko shule, mwalimu anajua yuko nyumbani. Hivyo ndivyo mtoto anavyopotea, hakuna haja ya zimwi.

Saa ya uji Danford akanijia. Akasema bila wasiwasi wowote, "Ticha, uji wa Sabra nipe mimi. Yeye kaenda ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa mama yake. Kwenye dramu."

Niliacha upawa ukaanguka. Nilivuka barabara bila mwavuli, bila kiatu kimoja, kiatu hicho hadi sasa sijakipata. Yadi ya Zahoro nusu ilikuwa tupu. Palipokuwa na safu za mbele pamebaki miduara kwenye matope, inajaa maji. Nikamuuliza madramu yako wapi. Akasema yamepakiwa asubuhi, dereva wake Rabson ameyapeleka Mkwajuni kwa watu wa machimboni. Vijana wake walipita wanafunika mifuniko na kubana ringi za chuma zinazoishika kabla ya kupakia, mvua isiingie.

"Walichungulia ndani?"

Alinitazama, kisha akatazama upande wa shule, na nikaona anaelewa. Mtu yule aliokota kipande cha nondo akaanza kuyapiga madramu yaliyobaki, moja moja, anaita, "Sabra! Sabra! Toka!" Pwaa! Pwaa! Kila dramu lilitoa sauti yake, na mvua inapiga yote, ikawa yadi nzima ni ngoma. Mimi nikachukua simu yake nikampigia Rabson.

Akapokea. Yuko njiani pale Mpemba, lori la watu wengine limeanguka mbele yake, foleni haiendi mbele wala nyuma. Namshukuru Mungu kwa lori lile, na dereva wake anisamehe. Nikaanza kueleza, Rabson akanikatiza.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nataka kumpigia bosi. Mzigo unaimba."

"Unaimba nini?"

"Sijui. Kule kwenye mzani walisema nimewasha redio nyuma. Hapa mama wa mahindi ya kuchoma kaniuliza nimembeba nani. Mwanamke, mwalimu. Sauti ya mtu mzima, imekwaruza. Mimi nimetoka kwenye kebini, nimesimama kwenye mvua. Sirudi mle."

Bodaboda moja, watu watatu. Zahoro alikuwa anasoma dua mgongoni kwangu njia nzima, nami nilikuwa nasema Baba Yetu, na nadhani huko juu walitusikia kwa pamoja.

Tulipofika Rabson na utingo wake walikuwa juu ya mzigo wanagonga madramu kwa spana. Zahoro akapanda naye akaanza kugonga, anaita kwa sauti iliyopasuka. Wapita njia wakasimama. Hakuna jibu. Hakuna wimbo tena. Madramu yamefungwa kamba ya juu na ya chini, yamepangana, kuyashusha moja moja ni kazi ya saa nzima, na mtoto hana saa nzima. Nikawa nimesimama chini kwenye tope na mguu mmoja mtupu, ndipo ikaniingia. Wanapiga ngoma. Wao ndio zimwi. Kila wanapogonga, mtoto anajua zimwi amefika kijiji kingine, na kama ana akili atanyamaza.

"Acheni kupiga!" nikapiga kelele. "Baba Sabra, acha! Shukeni! Kaeni kimya!"

Zahoro akaacha. Bado namwona na ile spana mkononi, maji yanamtiririka ndevuni, ananitazama kwa sababu hana mwingine wa kumtazama.

Nikapanda mimi. Nikaweka mdomo karibu na madramu, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Wote ndani?"

Mvua tu.

"Wote ndani?"

Halafu, chini kabisa, upande wa nyuma, sauti ndogo: "Wote ndani."

Zahoro akatoa mlio ambao sitaki kuusikia tena maishani. Nikamwashiria anyamaze, maana nilijua hatujampata. Sauti ilitoka kati ya madramu mengi na haikurudia. Ikabidi nimalize. Nikakaa juu ya mzigo mvuani, mbele ya foleni ya malori, nikamalizia hadithi iliyokatazwa. Nikasema zimwi alifika kijiji cha mwisho. Akaomba pombe, akalewa, akalala. Mama mmoja akapita karibu na dramu, akasikiliza. Akajua ile sauti. Akasema, "Mwanangu, zimwi amelala. Gonga nijue ulipo."

Tk. Tk. Tk.

Utingo akalitambua, lilikuwa la safu ya pili. Wakakata kamba. Nikaendelea kusema, nisikae kimya hata kidogo. "Mama akasema, usiogope."

Kule ndani: "Ni mama?"

Ningesemaje? Mtu mwingine angesemaje? "Ndiyo," nikasema. "Ni mimi mama yako. Toka."

Ringi ikafunguka. Alikuwa amejikunja chini, sare imelowa jasho, midomo imekauka, mzima. Mfuniko wa dramu lile ulikuwa hauna kizibo, kitundu cha kumiminia kiko wazi, ndicho kilichompa pumzi. Alimpita baba yake aliyekuwa amenyoosha mikono, akanishika mimi shingoni.

Nilimwambia ameimba vizuri, ndiyo maana tumempata. Akatikisa kichwa. "Mimi sikuimba. Nilinyamaza. Mama ndiye alikuwa anaimba, kwenye lingine."

Rabson alisikia. Waliyafungua yote, barabarani palepale, moja moja mpaka la mwisho, na Zahoro hakuwakataza. Yalikuwa matupu.

Ijumaa, 6 Machi

Zahoro kaja kunishukuru na kilo za sukari, na mwishowe amesema. Mkewe, Mwanakombo, alivuka kwenda Zambia na mzigo wa vyombo kabla ya Krismasi, hana karatasi. Alikamatwa mbali huko, akafungwa. Hakuna simu. "Niliwaambia jamaa zangu tu, kwa siri. Nilisema yuko ndani. Mtoto alikuwa amelala, mwalimu. Nilijua amelala."

Yuko ndani. Tangu siku ya kwanza mtoto aliniambia, nami nikamwambia amsalimie. Halafu nikaja na zimwi langu, nikamwonyesha mpaka dramu lenyewe, nikamwambia ndiyo, yumo, kaa chini. Kwa nini asitabasamu? Hatimaye kuna mtu mzima aliyekubali.

Nimelia mbele ya Zahoro, naye akalia, tukanywa maji. Samahani, mimi ndiye niliyekunywa. Yeye amefunga.

Jumatatu, 9 Machi

Ameniita Mama. Madam Nesta alikuwepo, akanyanyua nyusi. Nikamsahihisha mtoto: "Ticha." Akasema, "Ndiyo, Mama."

Ijumaa, 13 Machi

Mama, uji. Mama, choo. Mama, nifunge kamba. Hadithi hairuhusiwi lakini haina haja, hakuna anayeuliza tena kama bado yumo.

Jumatano, 18 Machi

Leo sikumsahihisha. Nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuniita jina hilo, na nimekaribia umri wa kuitwa bibi. Limeniingia kama chai ya tangawizi. Hayo ndiyo niliyoyafanya, nayaandika.

Jumatatu, 23 Machi

Idi imepita. Sabra kaniletea visheti kwenye kikopo. Kabla ya kunipa alikitikisa sikioni.

Alhamisi, 2 Aprili

Kesho Ijumaa Kuu, tunafunga kwa Pasaka. Nimempigia Bibi nikamweleza mambo ya Mpemba. Sikumweleza mambo ya Mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ulipomtoa, uliuliza?"

Sikuuliza. Nilikuwa na mtoto shingoni, nani angekumbuka?

"Basi umemtoa mmoja," Bibi akasema.

Jumatatu, 13 Aprili

Mwanakombo amerudi.

Alishuka asubuhi kutoka lori la Lusaka, amekonda, kanga si yake, na sauti imekwisha, imekwaruza kama mtu aliyepiga kelele miezi yote. Zahoro alimleta shuleni moja kwa moja, anacheka na kulia. Watoto walikuwa barazani. Mwanakombo akapiga magoti kwenye tope akafungua mikono.

Sabra akamtazama vizuri. Akasema, "Shikamoo." Kwa adabu kabisa, kama anavyomwamkia mke wa mchungaji. Kisha akarudi nyuma, akanishika kanga, akanivuta niiname. Akaninong'oneza sikioni:

"Bado yumo."

Mwanakombo alisikia. Alibaki pale chini, mikono bado imefunguka, hajui aifunge vipi. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mdogo sana mkono wangu ulimshika mtoto vizuri zaidi.

Jumanne, 14 Aprili

Sabra hakulala nyumbani kwao bila kilio. Zahoro anasema amekataa kula chochote kilichopikwa na "yule shangazi." Mwanakombo kaja peke yake, kakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yanafika kidevuni. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Mwalimu, nimefanyaje mimi? Ananitazama kama mzuka."

Nikamsimulia hadithi yote. Ngoma, dramu, Mpemba, neno nililosema ili atoke. Wimbo sikumwimbia, niliona haya. Nikamwambia kosa ni langu: mtoto alimngoja mama aje kwenye dramu, mimi nikajibu kwa jina lake, basi nafasi imechukuliwa, na kwa Sabra mama yake halisi bado amefungiwa mahali anaimba.

Mwanakombo akafikiri. "Hakukosea," akasema. "Nilikuwa nimefungiwa." Akainuka. "Kesho mlete yadini."

Jumatano, 15 Aprili

Nimeomba ruhusa kwa Madam Nesta, na aliponiuliza ya nini nikamwambia ukweli: nakwenda kumaliza hadithi. Akanitazama, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Zahoro alikuwa amesimama kando ya safu ya madramu, kofia mkononi. Mwanakombo hakuwepo. Nilimshika Sabra mkono tukatembea mstari kwa mstari. Yeye mwenyewe alibandika sikio kwenye la kwanza, akatikisa kichwa. La pili, akatikisa. Manyunyu yalikuwa yanagonga mifuniko.

Tulipofika safu ya katikati, dramu moja likaanza kuimba.

Mama nimo, mama nimo,
Kuta kiza, juu kiza,
Ukipita sikiliza…

Ile sauti iliyokwaruza. Nilisimama palepale. Nikajiambia Zahoro amemfundisha mkewe, Zahoro amefundishwa na mtoto, basi, imeeleweka. Nikangoja mguno wa mstari wa nne, kama watoto wote wanavyoguna, maana hakuna aliyeufundishwa, hata mimi sina.

Hakuguna.

Aliyemo si mmoja.

Ndio wenyewe. Nilirudi jikoni kwa Bibi, moshi wa kahawa machoni, nikausikia kwa sauti yake. Aliyemo si mmoja. Huyu ni mwanamke wa Tanga, Iyula hajawahi hata kupita.

Sabra alikuwa ameuachia mkono wangu. Alilikumbatia lile dramu kwa mikono yote miwili, sikio limebanwa, macho yamefumba. Akagonga: tk, tk, tk. Kule ndani ikagongwa: tk, tk, tk.

"Huyu ndiye," akasema. "Baba, fungua! Huyu ndiye!"

Zahoro akaondoa mfuniko, ringi hakuwa ameibana. Mwanakombo akainuka mle ndani, ameloa jasho, anapepesa macho kwa mwanga. Mtoto akampandia kifuani kabla hajatoa hata mguu mmoja, anamgusa masikio, pua, meno, anasema mama, mama, mama. Zahoro akawadaka, wakaanguka wote watatu kwenye matope, dramu likabingirika. Sikuwatazama sana. Nilitazama mkono wangu.

Walipotulia nikakumbuka.

"Nani kabaki ndani?"

Sabra akashuka mapajani mwa mama yake. Akaenda kwenye lile dramu lililolala, akaingiza kichwa, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na sisi watu wazima hatukuthubutu kupumua. Kisha akatoka, akanijia, akanitazama usoni kama siku ile ya sungura.

"Hakuna, Ticha."

Kwa jina hilo nikaitika.